Alama 58 na barua isiyo na tarehe: kisa cha mwalimu aliyeomba uzamili wa Kiswahili Nairobi

Mwalimu ninayemzungumzia hapa ana miaka 28. Anafundisha Kiswahili na Historia katika shule ya upili ya kutwa upande wa Kasarani, na ameniruhusu nikichambue kisa chake mradi nisimtaje jina. Chuo alichoomba nacho sitakitaja. Ni chuo cha umma kilichoko jijini, na masharti yake hayapishani sana na ya vyuo vingine vya umma nchini, kwa hiyo msomaji aliyeko Juja, Njoro au Maseno hatapotea.

Mimi hufundisha kwa mkataba wa muda katika idara za Kiswahili, na kila msimu wa usajili unapokaribia huulizwa swali lile lile: "Nina daraja la pili kitengo cha chini, nitachukuliwa?" Jibu huwa ndiyo, kwa masharti, na watu wengi huishia kwenye "ndiyo". Mwalimu huyu alilijua jibu hilo kabla hajajaza fomu. Alikuwa amehesabu miezi yake ya kazi, akaona imezidi inayotakiwa. Bado maombi yake yalirudishwa.

Alichokuwa nacho mkononi

Shahada yake ya kwanza ni ya Elimu (Sanaa), masomo ya kufundishia yakiwa Kiswahili na Historia. Wastani wake ni alama 58. Kwa mfumo wa vyuo vyetu vingi, 70 kwenda juu ni daraja la kwanza, 60 hadi 69 ni daraja la pili kitengo cha juu, 50 hadi 59 ni kitengo cha chini, na 40 hadi 49 ni pasi. Alikosa kitengo cha juu kwa alama mbili, na anajua zilikopotelea: muhula mmoja wa mwaka wa pili alioufanyia mitihani akiwa na mtoto wa wiki tatu.

Sharti la chuo linasema hivi, kwa ufupi. Mwombaji awe na daraja la pili kitengo cha juu katika somo husika. Akiwa na kitengo cha chini, awe na tajriba ya miaka 2 au zaidi katika kazi inayohusiana na somo hilo, au awe na diploma ya uzamili. Mwenye pasi pia ana mlango wake, ila tajriba anayodaiwa ni ya miaka mingi zaidi.

Yeye alifundisha miezi 14 katika shule ya kibinafsi Kayole, kisha akaajiriwa na bodi ya shule hii ya Kasarani, yaani akawa mwalimu wa BOM, ambako alikuwa ametimiza miezi 15 alipoomba. Jumla miezi 29. Akajaza fomu, akachagua uzamili wa Kiswahili upande wa fasihi, akalipa ada ya maombi isiyorudishwa. Aliambatisha cheti, nakala za alama, cheti cha KCSE (mtihani wa kumaliza shule ya upili), kitambulisho, barua mbili za waajiri, barua mbili za mapendekezo, na maelezo ya ukurasa mmoja kuhusu utafiti anaoutamani.

Barua pepe iliyomrudia ilikuwa ya mistari mitatu. Tajriba haijathibitishwa. Kozi za fasihi katika shahada ya kwanza hazitoshi. Majina katika KCSE na kitambulisho hayalingani.

Alinijia amekasirika. "Mwalimu, si wangesema tu kwamba alama hazifiki? Haya mengine ni ya kunifukuza kwa adabu."

Nilimwomba anionyeshe kila karatasi aliyotuma.

Barua yenyewe

La majina lilikuwa jepesi. KCSE ina majina matatu, kitambulisho kina mawili, na mpangilio umegeuzwa. Hati ya kiapo kwa wakili ililimaliza.

Barua ya shule ya Kayole ndiyo iliyonifanya nivute kiti. Ilikuwa na nembo ya shule, muhuri wa buluu na sahihi ya mwalimu mkuu. Iliandikwa hivi, na sijapunguza: "Anayehusika alikuwa mwalimu wetu. Ni mwenye bidii, nidhamu na mcha Mungu. Tunamtakia kila la heri katika masomo yake." Basi. Haisemi alianza lini. Haisemi aliacha lini. Haisemi alifundisha nini.

Mjiweke katika nafasi ya mjumbe wa kamati ya idara aliyerundikiwa mafaili mezani. Sharti linamtaka ahesabu miezi 24. Barua ya kwanza haina hata mwezi mmoja wa kuhesabu. Ya pili, ya Kasarani, ina tarehe na inatoa miezi 15. Kwa hiyo mwombaji ana miezi 15, hata kama kila mtu chumbani anaamini kwamba kweli alifundisha Kayole. Kamati haiwezi kumwandikia "tunamwamini". Faili hilo likitoka idarani huenda kwenye kitivo, kisha kwa ofisi inayosimamia masomo ya uzamili, na huenda siku moja likafunguliwa na wakaguzi wa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE), iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Mwanafunzi aliyeingizwa bila sifa kamili humrudia aliyemwingiza, na shahada yenyewe hubaki na doa.

Ni kawaida kwetu kuandika barua za kazi kama barua za kumsifu mtu kwa wakwe. Tunapamba tabia, tunaacha kazi. Kwa chuo, bidii na ucha Mungu havina pa kujazwa kwenye fomu. Panapojazwa ni tarehe, cheo, somo na idadi ya vipindi.

Tatizo ni kwamba mwalimu mkuu aliyetia sahihi alikuwa amekwisha kuhama, na mwenye shule alipopigiwa simu alijibu kwa wema unaoweza kumtia mtu mashakani: "Wewe andika unavyotaka, Mwalimu, nami nitapiga muhuri." Nilimshauri asiandike neno lolote analolikumbuka tu. Atafute kwanza karatasi zinazosema tarehe, ndipo barua izifuate karatasi.

Ya kwanza ilikuwa taarifa ya michango yake katika Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni (NSSF), ambayo huonyesha jina la mwajiri na mwezi wa kila mchango. Ilitoa miezi 9, maana shule ilichelewa kumsajili. Miezi iliyobaki ilipatikana kwenye stetimenti ya M-Pesa: mshahara uliingia kutoka nambari moja ile ile, mwisho wa kila mwezi, kiasi kile kile. Akaongeza nakala ya ratiba ya masomo yenye herufi za jina lake. Hapo ndipo barua mpya ilipoandikwa, ikiwa na tarehe ya kuanza, tarehe ya kuacha, na sentensi moja iliyokuwa na uzito kuliko barua nzima ya awali: alifundisha vipindi 15 vya Kiswahili na 9 vya Historia kwa wiki.

Sentensi hiyo ilihitajika kwa sababu tajriba inayotakiwa ni ile inayohusiana na somo. Mwalimu wa Kiswahili na Historia anayeomba uzamili wa Kiswahili anaweza kukuta nusu ya kazi yake inatiliwa shaka, na ana haki ya kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya wiki ilikuwa ya Kiswahili. Nimewahi kuona waombaji wakiambatisha cheti cha usajili cha Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) na kudhani wamemaliza. Cheti hicho kinasema mtu anaruhusiwa kufundisha. Hakisemi kwamba amefundisha.

Barua za mapendekezo nazo zilihitaji kuguswa. Moja ilikuwa ya mhadhiri wake wa mwaka wa nne, nzuri kabisa. Nyingine ilikuwa ya mchungaji. Tuliiondoa, akamwomba mhadhiri aliyesimamia mradi wake wa shahada ya kwanza.

Fasihi au isimu

Dai la pili ndilo lililomuuma. Mwalimu huyu anapenda ushairi, na alama yake ya juu kabisa chuoni, 71, ilikuwa ya fasihi simulizi. Kuambiwa kwamba kozi za fasihi hazitoshi alikuona kama dharau.

Tulizihesabu pamoja. Mwanafunzi wa shahada ya Elimu hugawanya muda wake kati ya masomo mawili ya kufundishia na kozi za ualimu zenyewe: saikolojia, mitaala, mbinu, mazoezi ya kufundisha. Kozi za Kiswahili hubaki chache kuliko za aliyesoma Kiswahili pekee kwa shahada ya Sanaa. Yeye alikuwa na 16. Kati ya hizo, 5 zilikuwa za fasihi na 11 za isimu, yaani sayansi ya lugha: fonolojia, mofolojia, sintaksia, isimujamii, historia ya lugha na kadhalika. Hakupanga iwe hivyo. Kozi za hiari za fasihi ziligongana na za Historia kwenye ratiba, akachukua zilizokuwepo.

Kisha nikausoma ule ukurasa wa utafiti. Ulihusu maandishi yanayochorwa kwenye matatu za Nairobi na lugha ya makanga wanapoita abiria. Ulikuwa ukurasa mzuri, wenye mifano iliyonukuliwa kwa sikio kali, na haukuwa na hata mstari mmoja wa nadharia ya fasihi. Ulizungumzia Sheng, kuchanganya ndimi, rika la wasemaji, mtaa wanakotoka. Hiyo ni isimujamii, tena isimujamii safi.

Kwa hiyo idara, kwa lugha yake kavu ya mistari mitatu, ilikuwa imeona jambo ambalo mwenyewe hakuwa ameliona. Alikuwa ameomba kuingia mlango mmoja akiwa amebeba mzigo wa mlango wa pili. Nadhani barua ingeweza kumwambia hivyo kwa sentensi moja zaidi na kumwokolea machozi, lakini uamuzi wenyewe siulaumu.

Alikuwa na njia mbili. Angeweza kuingia madarasa ya mwaka wa tatu kusoma kozi mbili au tatu za fasihi za kuziba pengo, alipie, afanye mitihani, kisha aombe fasihi mwaka unaofuata. Au ageuze ombi liwe la isimu sasa hivi. Hakuamua siku hiyo. Kilichompa moyo ni kwamba ndani ya isimu kuna elimumitindo, ambamo angeweza kuyachambua maandishi ya matatu kwa vina vyake, mizaha yake na sitiari zake bila kuomba radhi kwa mtu. Alipowasilisha upya, aliomba isimu, akaambatisha ukurasa ule ule wa utafiti ukiwa umebadilishwa aya moja tu. Barua ya kukubaliwa ilikuja kabla ya muhula kufunguliwa.

Alama 58 hazikutajwa popote, wala mwanzo wala mwisho.

Ushauri wa Leeds

Katikati ya hayo, binamu yake aliyeko Leeds alimshikilia aachane na vyuo vya hapa aende Uingereza, amalize kwa mwaka mmoja. Ni kweli kwamba uzamili wa kufundishwa huko kwa kawaida ni wa mwaka mmoja, wenye krediti 180, na mara nyingi 60 kati ya hizo ni za tasnifu. Lakini ufadhili aliokuwa akiulenga, wa Chevening unaotolewa na serikali ya Uingereza, unadai saa 2,800 za kazi, ambazo ni kama miaka 2, na shahada itakayokuingiza katika chuo cha Uingereza. Vyuo vingi vya huko hutaka kitengo cha juu. Mfadhiliwa pia hulazimika kurudi nyumbani na kukaa miaka 2. Wapo wanaopokea kitengo cha chini, ila kwa alama 58 bila ufadhili, karo ya mwanafunzi wa kigeni hailipiki kwa mshahara wa BOM. Na angerudi na shahada ya nje ambayo mwajiri angeweza kumtaka aipeleke CUE kutambuliwa. Hatukulijadili tena.

Kilichobaki, ambacho fomu haikiulizi kwa sauti

Hapa ndipo ninapotofautiana na washauri wengi. Wao humwacha mwombaji anapopata barua ya kukubaliwa. Mimi naona masharti ya kuingia ni nusu ndogo. Masharti ya kutoka ndiyo yanayowaacha watu njiani, na mengi yanaamuliwa kwa alama ya tiki moja kwenye fomu siku ya kujisajili: tasnifu au mradi.

Katika chuo hiki, anayechagua tasnifu husoma kozi kwa mwaka wa kwanza, kisha mwaka wa pili anautumia kutafiti na kuandika. Anayechagua mradi husoma kozi zaidi, kisha anaandika kazi fupi. Mradi unamfaa mtu anayetaka shahada kwa ajili ya kazi aliyo nayo. Unapata madarasa, ratiba na mitihani, vitu vinavyokusukuma hata ukiwa umechoka. Tasnifu haina kengele. Unaweza kukaa miezi minne bila mtu yeyote kukuuliza kitu.

Mwalimu huyu alitaka mradi. Sababu zake zilikuwa za maana: mtoto, vipindi 24 kwa wiki, na madarasa ya uzamili yanayoanza saa kumi na moja na nusu jioni katikati ya jiji. Anayetoka Kasarani saa kumi na nusu anaijua Thika Road.

Nilimuuliza swali moja: baada ya hapo unataka nini? Akasema anataka kufundisha chuo kikuu. Hapo hesabu ikabadilika. Kwa viwango vya CUE vya 2014, cheo cha mhadhiri kinadai uzamifu, yaani PhD. Mwenye uzamili huanzia chini ya hapo, naye hutarajiwa awe amejisajili kwa uzamifu. Na idara nyingi zinapopokea ombi la uzamifu hutazama kwanza kama mwombaji amewahi kuandika tasnifu. Aliyepitia mradi anaweza kuongezewa kozi za mbinu za utafiti au kukataliwa. Angeokoa miezi sasa na kuilipa baadaye kwa riba. Alitia tiki kwenye tasnifu, kwa shingo upande.

Nilimwonyesha pia mambo ambayo mwongozo wa wanafunzi huyataja kurasa za nyuma. Alama ya kupita katika kozi za uzamili chuoni hapo ni 50. Katika shahada ya kwanza ilikuwa 40, na kuna watu wanaoingia wakiwa wamezoea kuvuka kwa 46. Usajili hulipiwa kila mwaka hadi siku ya mahafali, hata kama huhudhurii darasa lolote, na asiyejisajili hana msimamizi kisheria, hata wakisalimiana kila siku koridoni. Tasnifu ya Kiswahili huandikwa kwa Kiswahili lakini ikisiri huwa kwa lugha mbili. Ilani ya kuwasilisha hutolewa miezi 3 kabla. Kuna mtahini wa ndani, mtahini wa nje, utetezi, masahihisho, kisha cheti cha kuonyesha kwamba masahihisho yamefanywa. Na makala moja iliyokubaliwa na jarida lenye kupitiwa na wataalamu. Hilo la makala wengi hulisikia mara ya kwanza wakati ndugu wameshashona sare za mahafali.

Pendekezo mbele ya jopo

Kozi alizipita zote, nyingine kwa ugumu. Kisa kilirudi kuwa na mvuto alipotetea pendekezo. Mada yake ilikuwa "Lugha ya matatu za Nairobi". Mjumbe mmoja wa jopo, mzee asiyependa maneno mengi, aliuliza: "Mwalimu, matatu za Nairobi ni ngapi?" Hakuna aliyecheka. Akauliza tena: "Basi za njia gani?"

Wakampa wiki tatu. Alipunguza mada ikawa njia mbili zinazosifika kwa nganya, yaani matatu zilizopambwa kwa michoro: Buruburu nambari 58 na Rongai nambari 125. Akaeleza sababu: nganya hupakwa rangi upya mara kwa mara, maandishi ya mwezi huu hayapo mwezi ujao, kwa hiyo data lazima ipigwe picha kwa kipindi kilichowekewa mipaka. Jopo likamtaka pia aguse historia, hasa kanuni zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, zinazojulikana kwa jina la waziri John Michuki, zilizoleta mstari wa manjano, mikanda na vidhibiti mwendo. Huwezi kuzungumzia uso wa matatu ukauruka mstari wa manjano.

Halafu kukaja suala la kibali. Utafiti wa kuhoji watu unahitaji cheti cha kamati ya maadili na leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (NACOSTI), chini ya sheria ya mwaka 2013. Maombi ni ya mtandaoni. Mtu anayechambua riwaya hapitii sehemu kubwa ya safari hii, na ni jambo la kufikiriwa mapema na mwenye muda mfupi.

Kwenye fomu hiyo alijaza kaunti ya utafiti: Nairobi. Msimamizi wake ndiye aliyegundua. Nambari 125 huanzia jijini lakini hulala Ongata Rongai, na Rongai iko Kajiado. Angehoji makanga katika steji ya Rongai bila leseni ya kaunti hiyo, mtahini angekuwa na haki ya kuikataa nusu ya data yake. Waliongeza Kajiado kabla ombi halijatumwa.

Ridhaa ya wahojiwa nayo ilimpa kazi. Alikuwa ameandaa fomu ya kurasa mbili kwa Kiswahili sanifu, ya kutiwa sahihi. Makanga wa kwanza aliyeiona aliikunja akamrudishia. "Madam, mimi siandiki jina langu popote. Hii si ni ya kanjo?" Alikuwa akiwaogopa askari wa kaunti. Wa pili vivyo hivyo. Alirudi kwa kamati ya maadili kuomba ridhaa ya mdomo iliyorekodiwa, bila jina na bila nambari ya gari, na maelezo yatolewe kwa lugha wanayoitumia wenyewe. Kamati ilikubali. Binafsi naona aya atakayoiandika kuhusu tukio hilo katika sura ya mbinu itakuwa na maana kuliko nusu ya sura ya nadharia, lakini hayo ni yangu.

Mahali alipofika

Sasa ana data ya njia zote mbili na rasimu ya sura tatu. Amejisajili kwa mwaka huu, akalipa mapema kwa mkopo wa chama cha walimu. Mwajiri wake hajampa likizo ya masomo. Mwalimu wa BOM hana mahali pa kuidai kama aliyeajiriwa na TSC.

Lililobaki ni makala. Alikuwa ameshapata barua pepe tatu kutoka kwa majarida asiyoyajua yanayoahidi kuchapisha kwa siku 7 ukilipa dola. Nilimwambia azifute zote. Makala ya Kiswahili yana mahali pake: kuna Mulika na Kiswahili za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna Mwanga wa Lugha ya Chuo Kikuu cha Moi, kuna Swahili Forum inayosomwa bure mtandaoni. Mapitio huchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya muhula, ndiyo maana tumekubaliana asisubiri tasnifu iishe. Ataichota sehemu ya maandishi ya njia ya 58 peke yake, aiandike kwa kurasa 15, aitume kabla ya shule kufunga Agosti, kisha aendelee na sura ya nne huku akingoja majibu.